Mke wa Bhagat, Mke wa Maalim

Mama mkwe wangu amemfunga mwanangu mvuje mkononi. Kipande kidogo ndani ya kitambaa cheusi, kimeshonwa kwa uzi mweusi, ati kifukuze mashetani na macho ya watu. Sikubishana naye; wiki hii tumeshabishana kwa mengine ya kutosha. Lakini kila ninapomnyonyesha mtoto, kale kamkono kananijia puani, na ile harufu, wenzangu mnaijua, kama kitunguu saumu kilichosahauliwa ndani ya kiatu, hainipeleki kwa mashetani hata kidogo. Inanipeleka jikoni kwa Mama Kanta, Lindi mjini, mwaka ule niliomaliza darasa la saba.

Mama Kanta alikuwa akitia mvuje kwenye dengu. Sasa fikirieni mtoto wa mtaa wa Mtanda, aliyekua akijua mvuje ni wa kumpaka mtoto mchanga nyayoni na wa kumfukizia mtu mwenye shetani, anamwona mama wa Kihindi anachota ule unga kwa ncha ya kijiko, anautupa kwenye samli ya moto, moshi unapanda mpaka darini, kisha yote anaimwaga ndani ya sufuria ya chakula. Mimi nilielewa jambo moja tu: dengu za watu hawa zina mashetani, na kabla ya kuliwa lazima zipungwe. Nilimnong'oneza mama, “Kumbe hata dengu hupagawa?” Mama akanifinya paja. Sahani ilipoletwa nilisoma audhubillahi kwa pumzi moja, nikala, nikaomba nyingine.

Tulikuwa pale kwa kazi. Mama Kanta alikuwa mjane, Mhindu, mzaliwa wa Lindi, na mume wake alimwachia nyumba kubwa ya zamani na biashara ndogo ya kufunga nafaka na viungo kwenye mifuko na kuwapelekea wenye maduka. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hakuweza tena kutofautisha dengu na kijiwe. Mama yangu aliweza. Alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha, sinia mapajani, vidole vinakwenda kama cherehani: mawe huku, wadudu huku, dengu huku. Mimi nilipepeta. Kwa kazi hiyo ndipo lilipotoka godoro langu.

Niwaambie habari ya godoro, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni upande wa Kilwa. Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyekuwa amevuka darasa la saba. Barua ya shule ilitaja vitu vya kwenda navyo, na walioniambia walisema wazi: kwa jembe unaweza kusamehewa, kwa ndoo unaweza kuazima, lakini asiye na godoro anarudishwa na gari lile lile lililomleta. Mama alichambua dengu za Mama Kanta kuanzia kiangazi mpaka godoro likanunuliwa. Jipya, la maua mekundu, bado liko ndani ya nailoni yake, linalia kwichi kwichi ukiligusa. Tulilisimamisha nyuma ya mlango. Nilikuwa nikipita naligusa makusudi ili nilisikie.

Pale sebuleni kwa Mama Kanta palikuwa na picha ukutani ambayo mimi nilikuwa nikiitazama kwa jicho moja. Madrasa tulifundishwa tusitazame masanamu ya watu, basi nilijihesabia kwamba jicho moja ni nusu ya dhambi. Picha ilikuwa kuukuu, imetoka kwenye kalenda, imetiwa fremu. Mwanamume mwembamba amefumba macho, ameshika zeze, anaimba. Mbele yake taa nyingi za udongo zimewashwa. Na pembeni, ameinama, mwanamke mashavu yamemjaa kama anapuliza baragumu: anazizima zile taa. Nywele zimemtimka. Macho yamemtoka. Aliyechora picha ile hakumpenda mwanamke yule hata kidogo.

“Huyu ni Bhagat,” Mama Kanta alituambia siku nilipouliza. “Maana yake mcha Mungu. Mtu wa zamani sana, wa huko kwetu, ambako mimi mwenyewe sijafika. Alikuwa na duka, likamfia kwa kugawa. Alitunga nyimbo, mpaka leo tunaimba. Siku moja jirani alimpa kibuyu cha samli, akaimimina yote kwenye taa, akamwashia Mungu. Na huyu ni mke wake.”

“Anafanya nini?” nikauliza, ingawa nilikuwa naona.

“Anamharibia ibada.”

Mama yangu hakuinua kichwa kwenye sinia. “Jina lake nani?”

“Nani?”

“Huyo mwanamke.”

Mama Kanta akafikiri. “Mke wa Bhagat,” akasema.

Jioni za Alhamisi familia chache za Kihindu zilizobaki mjini zilikuwa zinakuja sebuleni pale kuimba, kwa kinanda cha mkono na matuazi madogo. Sisi tukiwa jikoni tunamalizia kazi, tulisikia. Baina ya nyimbo mzee mmoja alikuwa akisimulia, na watu wakicheka, na Mama Kanta akija kuchukua chai alitutafsiria kicheko: Bhagat amepewa gunia la nafaka na tajiri, amewagawia wapita njia, mke amemfuata nalo tupu njiani anamtukana. Mungu, alisema yule mzee, humjaribu ampendaye. Wengine hujaribiwa kwa maradhi, Bhagat alijaribiwa kwa mke.

Hapo ndipo nilipoacha kupepeta. Maneno yale niliyajua. Niliyasikia Mtanda karibu kila siku.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Maalim Saidi, mwalimu wa madrasa. Alifundisha watoto bila kudai chochote, na kilicholetwa kwa hiari kilitoka mlangoni kabla hakijapoa. Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini amevaa fulana, kanzu kamvika mtu. Mara nyingine alimpa mjane mmoja kuku wetu aliyekuwa anaatamia, pamoja na mayai yake. Watu walimpenda baba yangu mpaka wakati mwingine niliona kama si wetu, ni wa mji mzima. “Maalim ni mtu wa peponi,” walisema, kisha wakishusha sauti: “Ila kapewa mtihani.” Mtihani ulikuwa mama yangu. Anaitwa Somoe, mtu wa Pande, na watu wa Pande hawajui kunong'ona. Akigomba nyumbani kwetu, jirani wa tatu alikuwa akizima redio ili asipitwe.

Basi mimi niliona picha ile nikaona kwetu. Nikamwonea huruma Bhagat.

Siku hizo hizo akaja Hina, mke wa mtoto wa Mama Kanta, kutoka Dar es Salaam. Mwanamke mzuri, mwenye haraka, anaongea Kiswahili cha mjini kuliko sisi. Alipoiona ile picha ukutani akashika kichwa.

“Ba,” akamwita mama mkwe wake, “bado unayo hii? Hii ni aibu! Siku hizi hakuna tena picha kama hizi. Mke wa mtakatifu, anachorwa kama mchawi?”

Alikuwa amekuja na nyingine, kubwa, inang'aa, imepigwa chapa kwa rangi za dhahabu. Bhagat yuleyule, zeze lilelile, lakini amenenepa kidogo. Na mke wake sasa amepiga magoti miguuni pake, kichwa amekifunika, uso kama mwezi, mikononi ameshika taa. Yeye ndiye anayewasha. Hina akatueleza, na mimi nilimsikiliza mdomo wazi, kwamba yule mwanamke hakuwahi kusema neno kali maishani mwake, kwamba samli aliileta yeye mwenyewe, ilikuwa ya mwisho nyumbani, akaitoa huku akitabasamu. Alikuwa ameyaona kwenye mchezo wa kwenye runinga. Huko, alisema, mke wa Bhagat analia vizuri mpaka na wewe unalia.

“Kwenye runinga ana hereni?” Mama Kanta akauliza.

“Anazo, Ba. Nzuri sana.”

“Maskini gani huyo,” Mama Kanta akasema, lakini akaiacha picha mpya itundikwe. Ile ya zamani akaipeleka jikoni, akaiegemeza ukutani juu ya pipa la unga.

Ikawa sasa nina wake wa Bhagat wawili, mmoja jikoni anazima, mmoja sebuleni anawasha, na kila aliyesimulia aliapa kwa wake. Nilimuuliza mama njiani, tukirudi Mtanda, yupi ni wa kweli. Akaniambia nitazame ninapokanyaga.

Wiki ile ile baba akatoa godoro langu.

Hakuna aliyemwona akilitoa. Tulirudi alasiri, nikasukuma mlango, mlango ukafunguka mpaka ukagonga ukuta. Hiyo ndiyo habari niliyoipata kwanza, ule mlango kugonga ukuta. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Mama akanitazama, mimi nikamtazama. Kisha jirani yetu, aliyekuwa anasubiri kwa hamu tufike, akatupa habari juu ya ua: kuna msafiri, mgonjwa, ametoka bara kutafuta ndugu zake asiwapate, amelala kibarazani msikitini anatetemeka kwa homa, na Maalim, mtu wa peponi yule, amempelekea godoro. “Jipya kabisa, Mama Zuhura! Na maua!”

Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya siku chache. Godoro jingine lisingepatikana kwa dengu zote za Lindi.

Mimi nilianza kulia. Mama hakulia. Aliingia chumbani kwao, nikasikia kitanda kinavutwa, akatoka na godoro lao, lake na la baba, lile la sufi, zito, lenye bonde katikati, amejitwisha kichwani. “Shika hapo nyuma lisiburute,” akaniambia. Tukatoka hivyo, yeye mbele mimi nyuma, Mtanda nzima imesimama milangoni. Mtu mmoja aliuliza kama tunahama.

Watu walikuwa ndiyo wametoka kuswali alasiri, wamekaa kibarazani. Yule mgonjwa amelala kwenye kona juu ya maua yangu mekundu, nailoni wala haijavuliwa, inalia kila anapotetemeka. Baba alikuwa amechutama pembeni yake anampa maji. Mama alisimama nje ya ukuta, akalitua godoro lao chini.

“Maalim! Njoo hapa.”

“Mama Zuhura,” mzee mmoja akasema, “hapa ni msikitini.”

“Najua ni msikitini. Ningekuwa nakwenda sokoni ningebeba kapu.”

Baba akaja, mpole, kikombe bado mkononi. “Mke wangu, mtu alikuwa amelala chini, kwenye saruji.”

“Na godoro lile ni la nani?”

“La Mungu ni vyote.”

“La Zuhura!” Hapo sauti yake ilipanda mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye bati. “La mtoto! Umemtoa mtoto wako shuleni ukamlaza mgeni, kisha watu wakakwambia nini, mashaallah? Sadaka unatoa cha mtoto? Huna chako? Hiki hapa! Nimekuletea. Hili ni lako na langu. Toa lako, baba Zuhura, na mimi natoa langu, tuone kama sadaka ni tamu hivyo hivyo.”

Mama akafunga kanga vizuri, akavua ndala, akapanda kibarazani mbele ya wanaume wote wale, akapiga magoti kwa mgonjwa, na sauti yake ikabadilika kabisa, ikawa ile ya kunibembeleza mimi nikiwa na homa.

“Pole, baba. Inuka kidogo tu. Sigombani na wewe.”

“Jamani, msigombane kwa ajili yangu,” yule mtu akasema, meno yanagongana. “Mimi hata mkeka…”

“Mkeka utalalia ukipona. Nishike bega.”

Akamhamisha. Akamtandikia kanga ya juu, akamfunika na ile nyingine, akabaki na gauni. Kisha akalikunja langu, akanitwisha, tukarudi. Nyuma yetu wanaume walianza kuongea wote kwa pamoja. Nyumbani akaiosha nailoni kwa sabuni ya kipande, akaianika. Baba aliporudi akakuta mkeka juu ya kamba za kitanda. Akaupapasa, akatabasamu, akalala. Nimewaambia alikuwa mtu mwema. Sikusema uongo.

Lakini mji haukuona kanga wala mkeka. Mji uliona mwanamke amepiga kelele msikitini akamnyang'anya mgonjwa godoro. Kesho yake alikuwa ameshapata jina: Mama Godoro. Watoto walinitungia wimbo, nami sitauandika hapa, kwanza haukuwa na vina. Nilitembea kwenda kwa Mama Kanta nikiwa nimejifunika ushungi mpaka kwenye nyusi.

Habari ilitutangulia. Hina alimsalimia mama kama anayesalimia mgonjwa, akapita. Mama akakaa kwenye sinia lake. Mama Kanta naye akakaa, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akashuka mpaka sakafuni na magoti yake mabovu, akavuta fungu la dengu upande wake, ingawa hakuwa anaziona.

“Umelipata?” akauliza.

“Nimelipata.”

“Mtoto anakwenda?”

“Anakwenda.”

Wakachambua. Baadaye Mama Kanta akaelekeza kidevu kwenye ile picha juu ya pipa la unga.

“Dikri,” akaniita, ndivyo alivyoniita akiwa na jambo, binti yangu, “itazame vizuri. Fungua macho yote mawili, nakuonaga. Niambie nani hayupo.”

Nikatazama. Bhagat yupo. Mke yupo. Taa zipo. Nikamwambia wapo wote.

“Watoto wako wapi?”

Nilitazama tena. Hapakuwa na watoto.

“Bhagat alikuwa na watoto,” Mama Kanta akasema. “Nyimbo zenyewe zinasema, watu hawasikilizi tu. Bibi yangu ndiye aliyenisimulia, naye alisimuliwa na wanawake wenzake wakisaga, hawakungoja mzee na kinanda. Watoto walikuwa wamekula mkate mkavu siku nyingi. Jirani alileta ile samli kwa ajili yao, si kwa ajili ya taa. Mama yao alikuwa ametoka kuchota maji. Anarudi, anakuta chakula cha watoto kinawaka moto na baba yao amefumba macho anaimba. Akazima taa. Moja moja, ndiyo, kwa mashavu hivyo hivyo, na alitukana, usidhani hakutukana. Halafu mchoraji akaenda nyumbani. Kilichofuata hakukichora.”

“Kilifuata nini?”

“Aliikomba samli kwenye zile taa kwa kidole. Akawapakia watoto kwenye mkate. Ilikuwa na masizi, wakala.”

Mama yangu alikuwa ameacha kuchambua.

“Na Mungu je?” nikauliza. “Mungu wenu alifanyaje, alivyozimiwa?”

“Alikaa gizani akanyamaza. Angesema nini? Watoto walikuwa wanakula.” Akapapasa dengu mbele yake, akatoa kijiwe kwa ncha ya kucha, akakitupa. “Yule wa jikoni na yule wa sebuleni, wote wawili wamechorwa na watu walioshiba. Wa zamani walitaka mtu wa kumcheka. Wa sasa wanataka mtu wa kuwafundishia wake zao adabu. Hina ni mtoto mzuri, lakini kuanzia sasa akikasirika nyumbani kwake, atajitazama kwenye kioo atafute ule uso wa mwezi, ataukosa, ataona aibu.”

Nilikwenda shule. Nililalia lile godoro miaka minne, nikamaliza kidato cha nne, na kwa miaka yote hiyo hadithi ya Mama Kanta niliichukulia kama hadithi ya Wahindi. Mama Kanta mwenyewe alichukuliwa na mwanawe kwenda Dar, na nyumba ile sasa ni mahali pa kuchaji simu na kuuza vocha. Picha ya jikoni sijui iliishia wapi.

Baba alifariki mimi nikiwa tayari nimeolewa. Watu waliomzika sijawahi kuona wengi namna ile. Na kila mwaka wanafunzi wake humsomea hitma, na kila mwaka anakuwa mkubwa zaidi. Sasa inasemekana hata mvua ilikuwa ikimngojea afike nyumbani. Sina ugomvi na mvua. Mwaka huu nilikuwa nimekaa na wanawake nyuma ya pazia, mwanangu mapajani, mama yangu kando yangu, na sheikh mmoja kijana akashika kipaza sauti. Siku ile ya godoro hakuwapo; amesimuliwa na waliokuwapo, walewale waliomwita mama yangu Mama Godoro.

Akasema kwamba siku moja Maalim alimkuta mgonjwa kibarazani. Akasema kwamba mkewe, bila kuambiwa, bila neno, alijitwisha godoro lake mwenyewe akalileta mpaka msikitini, akarudi akalala mkekani. Akasema mwanamke yule hajawahi kupaza sauti kwa mumewe. Akasogeza kipaza sauti mdomoni ili itukolee. “Wanawake wa leo,” akauliza, “mko wapi?”

Tupo hapa nyuma ya pazia, tunakusikiliza unavyotudanganya! Hivyo ndivyo nilivyotaka kusema. Damu ilinipanda mpaka mtoto akaacha kunyonya akanitazama. Mbele yangu wasichana wawili wa madrasa walikuwa wameinamisha vichwa kwa haya, kama waliokutwa na kosa. Hakuna godoro jekundu. Hakuna Zuhura. Hakuna shule. Wamemwosha mama yangu mpaka nimetoka na mimi kwenye maji ya uchafu. Zamani walichukua nusu ya siku ile wakamtukania. Sasa wamechukua nusu nyingine wanamsifia. Na nusu zote mbili mtoto hayumo.

Nilimgeukia mama. Alikuwa ametulia, tasbihi mkononi.

Tulipokuwa tunasugua masufuria ya pilau nyuma ya nyumba nikamvaa. “Mama, umemsikia?”

“Nina masikio.”

“Amekuzulia.”

“Kwani godoro sikulibeba?”

“Ulilibeba. Na kelele je?”

Akacheka, mkono wote ndani ya sufuria. “Kelele zangu nilizitumia siku ile zikafanya kazi yake, zikaisha. Sasa nizifanyie nini, nizitundike ukutani? Wewe ulisoma, hukusoma?”

“Nilisoma.”

“Basi.”

“Si basi! Wale wasichana wamesikia, wanakwenda nayo nyumbani.”

“Waambie wewe, uliyesoma. Mimi mgongo unaniuma.”

Ndiyo nawaambia. Lakini kuna jambo ambalo hata mimi sikuliona mpaka nilipoanza nyumba yangu, na hata mama sidhani kama analiona.

Watu walikuwa wanakuja kwetu kuomba, asubuhi na jioni. Baba hakuwahi kumwambia mtu hapana. Nilipokuwa mtoto niliona huo ndio utukufu wake. Lakini sasa najiuliza: tuliishije? Nyumba ya watoto wanne, mimi na wadogo zangu watatu, wali ulipikwa, dawa zilinunuliwa, kuta hazikutolewa sadaka. Na nikivuta kumbukumbu namsikia baba mlangoni, kwa ile sauti yake laini, anamwambia mtu, “Mimi kwa upande wangu sina neno. Hebu kamuulize mama yao.” Yule mtu anazunguka mpaka uani, na uani kunatoka kelele, na mtu anarudi mikono mitupu akisema pole, Maalim. Hapana zote za nyumba ile zilisemwa na mama yangu. Baba alikuwa nazo, alizihitaji kama mtu yeyote mwenye watoto, ila alizitumia kupitia mdomo wa mtu mwingine. Yeye akabaki msafi. Ukali wa mama ulikuwa ni kazi ya nyumbani, kama kuchota maji, na alipewa yeye kama alivyopewa ndoo.

Mume wangu naye ni mtu mwema. Kila mtu anasema. Juzi ndugu zake walikuja kuitaka cherehani yangu, ninayoshonea sare za watoto, wakaanzie biashara huko Mchinga, na nikiwa chumbani nikamsikia anawaambia, “Mimi sina neno, muulizeni mama mtoto.” Nikasikia miguu inakuja. Najua wangeondoka na nini, na kesho ningeitwaje.

Sikutoka. Nilimwita aingie yeye. Nikamwambia kwa sauti ndogo kabisa, maana mtoto alikuwa ananyonya: cherehani haitoki, na wewe unajua haitoki, na hutaki itoke. Hapana hii ni yako. Nenda ukaiseme.

Akanitazama kama nimemtwisha gunia. Alisimama mlangoni muda mrefu, mgongo kwangu, anasafisha koo, anasafisha tena. Nje ndugu zake walikuwa wanamsubiri. Nikamgeuza mtoto titi la pili.

Hapana yake ilitoka ndogo, na mwishoni ilikwaruza. Lakini wote waliisikia.